Virusi vya Mashine

Jumatano, 4 Oktoba

Mvua ya kwanza ya kweli imeanguka leo. Watu wote wamekimbilia mashambani kupanda mpunga, na kituo cha afya kimebaki na mimi, muuguzi wake, na Bruno mkuu wa kituo, na mzee mmoja mwenye jipu mguuni. Kesho ni siku ya chanjo. Kesho pia anakuja Clovis, fundi kutoka Kasongo, kuangalia ile kompyuta ya kukunja ambayo mradi ulituletea mwezi wa tano. Sisi tunaiita mashine tu. Tangu wiki iliyopita inajizima yenyewe, na inaonyesha maandishi ambayo hakuna mtu hapa aliyeyaandika.

Alhamisi, 5 Oktoba

Akina mama walijaa barazani tangu asubuhi. Hata Mama Junior, jirani yangu, alikuja. Jina lake ni Marie-Thérèse, lakini hapa hakuna anayemwita hivyo. Alikaa mwisho wa benchi, Joël, mtoto wake mchanga, mgongoni na Naomie mapajani. Nimemsumbua tangu kiangazi amlete huyo Naomie. Ana miaka miwili na hajapata chanjo ya surua, kwa sababu alipofikisha miezi tisa walikuwa Lusangi, kule baba yake anakochimba dhahabu.

Clovis alifika kwa pikipiki, amelowa mpaka kiunoni. Alifungua mashine pale mezani, pembeni ya frigo, lile jokofu la chanjo, akabonyeza, akakunja uso, akabonyeza tena. Kisha akapaza sauti, maana Bruno alikuwa chumba cha pili:

"Chef! Hii mashini yenu iko na virusi! Imejaa virusi! Mutu asiiguse, itaambukiza zingine!"

"Ilitoa wapi?" Bruno akajibu naye kwa sauti kubwa.

"Mulichomeka klé ya mutu!"

Klé ni kile kidude cha kubebea mafaili kutoka mashine moja kwenda nyingine. Ni Bruno aliyeichomeka, ya rafiki yake, ili aone picha za harusi.

Mimi nilikuwa na sindano mkononi, sikutia maanani. Nilipotoka kumwita mtoto mwingine, benchi lilikuwa limebaki na watu wachache, na Mama Junior hayupo. Nikafikiri ni mvua, maana wingu jeusi lilikuwa linakuja kutoka upande wa Lualaba.

Ijumaa, 6 Oktoba

Mvua. Clovis amerudi Kasongo kutafuta dawa ya mashine. Ndivyo alivyosema: dawa.

Alhamisi, 12 Oktoba

Siku ya chanjo, wamekuja mama wawili tu, wote wa vijiji vya mbali. Bruno anasema ni mpunga. Labda. Lakini mwaka jana pia walipanda mpunga, na walikuja, matope mpaka magotini, watoto wakiwa wamefunikwa majani ya ndizi.

Jumapili, 15 Oktoba

Kanisani Mama Junior alikaa upande mwingine. Tumeishi ua kwa ua tangu nilipohamia hapa, chumvi yake ni yangu. Nilimsalimu mlangoni, akajibu huku anaangalia miguu yake. Sijui nimefanya nini.

Jumanne, 17 Oktoba

Nimeshindwa kuvumilia. Nilivuka ua nikamkuta anatwanga sombe, majani ya muhogo.

"Mama Junior, nimekukosea nini?"

"Haujanikosea."

"Basi juu ya nini hauleti Naomie?"

Aliendelea kutwanga. Kisha akasema bila kuniangalia, "Mathilde, wewe ni mutu wa kituo. Hauwezi kuniambia kweli."

"Kweli gani?"

"Ile mashini yenu iko na virusi. Yule kijana alisema kwa kinywa chake, sisi wote tulisikia. Akasema mutu asiiguse. Na dawa za watoto munaweka fasi moja na ile mashini."

Nilicheka. Sikupaswa kucheka. "Ile ni virusi ya mashini, si ya watu."

"Kumbe ziko mbili? Nani alizitenganisha?"

Akasukuma majani ndani ya kinu.

"Na waya ya jua ni moja," akasema. "Inatoka juu ya bati, inalisha mashini, inalisha frigo. Mimi niliangalia ile siku. Mashini inaumwa, frigo inakula naye sahani moja. Wewe ungemupa mutoto wako?"

Nilirudi nyumbani na kichwa kizito. Nimesomea virusi miaka yangu yote shuleni: vya surua, vya polio, vya ukimwi, vya Ebola. Najua vinaingia wapi na vinafanya nini ndani ya mwili. Lakini ndani ya mashine vinafanya nini? Mashine haina damu. Haina mate. Kama hakuna damu wala mate, kwa nini vikaitwa virusi? Jioni niliingia kituoni nikajikuta nafuata ule waya kwa macho, kutoka darini mpaka kwenye frigo, kama mtu anayetafuta siafu. Nikaona aibu, nikafunga mlango.

Alhamisi, 19 Oktoba

Hakuna aliyekuja.

Ijumaa, 20 Oktoba

Nimepanda kilima cha shule, pale ambapo simu inashika, nikampigia Clovis.

"Hapana, Mama Mathilde, haiwezi kupita kwenye waya wa frigo! Frigo haisomi."

"Haisomi maana yake nini?"

"Virusi ni maandishi. Mutu mubaya aliandika amri, akazificha ndani ya faili. Mashini inazisoma, inazitii, inazinakili, inapelekea zingine. Ni vile tu, basi."

"Kama ni maandishi, kwa nini mnasema virusi?"

"Ni jina tu."

"Jina la nani?"

"La wazungu. Mimi nilikuta wanaita hivyo." Kisha simu ikakatika.

Nimeshuka kilima na matope yananivuta viatu. Kama ni maandishi, si wangeita maandishi? Mtu anakuta jina barabarani, analiokota, analitumia, haulizi lilianguka kutoka mfuko wa nani. Na mimi ndiye ninayekosa watoto wa kuchanja.

Jumatatu, 23 Oktoba

Nilikuwa Kasongo kuchukua barafu na chanjo. Nikapita kwa Padri Nathanaël parokiani, kwa sababu alisoma Kilatini na anapenda kuulizwa. Alifurahi kama mtu aliyeletewa kuku. Alitoa kamusi kubwa iliyoliwa pembe na mchwa, akaweka kidole.

"Neno ni la kale sana," akasema. "Warumi walisema virus, maana yake sumu. Sumu ya nyoka. Utomvu wa mti unaodhuru. Hata harufu mbaya. Baadaye waganga wa hospitali wakalichukua kwa kitu chochote kinachopitisha ugonjwa, hata kabla mtu hajakiona kwa macho. Na watu wa mashine wakalichukua kwa waganga, si zamani sana, labda miaka arobaini. Waliona kile kitu kinaingia ndani ya kingine, kinajinakili, kinaenea. Wakasema, hii inafanana na ule ugonjwa."

"Kwa hiyo ni mfano tu."

"Mfano juu ya mfano, mwanangu. Neno limehama nyumba mara mbili."

Nilimweleza taabu yangu. Akanishika mkono. "Jumapili nitakuja kwenu kusoma misa. Nitawaeleza mwenyewe. Mtu akijua neno limetoka wapi, haliogopi tena."

Nimerudi na chanjo kwenye kisanduku na moyo mwepesi. Kwa mara ya kwanza mwezi huu nahisi kuna mtu anayeelewa.

Jumapili, 29 Oktoba

Mungu anisamehe, nilikaa mbele kabisa nikitabasamu.

Padri alianza vizuri. Alisema woga unazaliwa na kutojua. Alisema kuna neno linalowasumbua watu wa hapa. Kisha akasema kwa sauti ile ya altareni: "Ndugu zangu, virusi ni neno la Kilatini tu. Maana yake ni sumu."

Aliendelea kusema. Alieleza Warumi, alieleza nyoka, alieleza mfano juu ya mfano. Lakini mimi niliyekuwa nimegeuka niliona nyuso. Baada ya "sumu" hakuna aliyesikia kitu kingine. Hapa kwetu sumu si neno la kamusi. Mtu akianguka ghafla, swali la kwanza ni nani alimpa kinywaji. Kuna familia mbili hapa kijijini ambazo hazijasalimiana tangu kabla sijahamia hapa kwa sababu ya hilo neno.

Nje ya kanisa nilisikia mwanamume mmoja anamwambia mke wake, "Si umesikia? Padri mwenyewe amekubali."

Padri alinijia amejaa furaha. "Sasa wameelewa," akasema.

Je, alisema uongo? Hapana. Alisema kweli tupu. Kabla sijajua neno limetoka wapi nilikuwa naweza kusema kwa moyo wote kwamba Mama Junior amekosea. Sasa hata hilo siwezi.

Jumatatu, 30 Oktoba

Bruno ameitoa mashine kituoni, ameipeleka nyumbani kwake ili watu watulie. Mchana kijiji kizima kinasema anaificha. Jioni mke wake amebeba godoro amehamia kwa dada yake.

Alhamisi, 2 Novemba

Hakuna. Mvua tangu alfajiri.

Ijumaa, 3 Novemba

Jean-Baptiste, mume wa Mama Junior, amerudi kutoka Lusangi. Amekuja na mtoto wa kaka yake, kasichana ka miaka minne. Mama wa mtoto huyo anaumwa, kwa hiyo wamemleta hapa apumzike. Nilisikia kikohozi chake kupitia ua kabla sijamwona.

Nilivuka. Macho mekundu, pua inatiririka, joto. Nilimwomba afungue kinywa, nikaona ndani ya shavu zile chembe nyeupe kama chumvi iliyomwagika. Nikauliza Jean-Baptiste kama kule machimboni kuna watoto wengine wa hivyo. Akasema wako wengi, na wengine wamezikwa.

Naomie alikuwa amekaa karibu naye, wanakula muhogo kwenye sahani moja.

Nilimvuta Mama Junior pembeni.

"Nisikilize. Hii ni surua. Naomie amekwisha kuipumua. Lakini nikimpiga sindano leo, au kesho, chanjo inaweza kuiwahi surua. Baada ya hapo nitakuwa nimechelewa. Chukua mtoto twende."

"Sumu sitaki."

"Si sumu!"

"Padri alisema sumu. Wewe ulikuwa mbele, ulicheka."

"Mama Junior, nakuomba. Nitajipiga mwenyewe kwanza, mbele yako."

"Wewe ni mukubwa. Mutu mukubwa anakunywa sumu ndogo na haisikii."

Jean-Baptiste alikuwa anatuangalia. Nilimgeukia. Akainua mabega, akasema mambo ya watoto ni ya mama yao.

Hapo nikapandisha sauti. Nilimwita mjinga. Nilisema kama mtoto atakufa atakuwa amemuua yeye mwenyewe. Majirani walitoka milangoni. Mama Junior alimbeba Naomie, akaingia ndani, akavuta pazia.

Bado naona sura yake vile alivyovuta pazia. Haikuwa sura ya mtu mjinga. Ilikuwa ya mama anayemkinga mtoto wake, kama ningefanya mimi, na anayemkinga dhidi yake ni mimi.

Jumamosi, 4 Novemba

Nilirudi na kisanduku cha barafu begani. Pazia halikufunguka.

Jumapili, 5 Novemba

Nimerudi tena. Sauti yake ikatoka ndani: "Mathilde, enda nyumbani."

Alhamisi, 9 Novemba

Mama mmoja amekuja. Nilifurahi mpaka nikamkumbatia. Kumbe alikuja kuomba dawa ya minyoo.

Jumatano, 15 Novemba

Naomie ana joto. Namsikia akikohoa.

Jumamosi, 18 Novemba

Leo ni Mama Junior aliyeniita. Alisimama kwenye ua bila kuvuka. Nilikimbia na vitamini A na dawa ya kifua. Vipele vimeshuka kutoka usoni mpaka miguuni, macho hayafunguki vizuri, na kifua kinaingia ndani kila anapovuta pumzi. Nilimwambia hii ni nimonia, lazima hospitali Kasongo, leo hii. Jean-Baptiste alikwenda kutafuta pikipiki. Mto mdogo wa barabarani umefurika, umechukua magogo ya daraja. Walirudi wamelowa, mtoto ndani ya kitenge na plastiki.

Joël, ambaye analala kitanda kimoja naye, hana hata kikohozi. Sijui kwa nini. Labda maziwa ya mama. Nimechoka kutojua.

Jumatano, 22 Novemba

Naomie amekufa asubuhi.

Jumamosi, 25 Novemba

Tumekaa matangani siku zote hizi. Wanawake wamelala kwenye mikeka, wanaume nje chini ya turubai. Hakuna aliyeniambia nitoke, na hakuna aliyenisogezea nafasi. Nimechota maji, nimeosha masufuria.

Leo mchana mvua ilitufungia wote ndani. Mama Marguerite, shangazi ya Jean-Baptiste, mwanamke mzee ambaye haachi jambo likae nusu, aliniita kutoka pembe ya nyumba.

"Mathilde, mwanangu. Naomie tumekwisha kumuzika. Sasa utuambie. Ile mashini yenu iliumwa nini?"

Mama Junior alikuwa amelala ameelekea ukuta.

Nilitaka kusema virusi, nikajizuia. Nilitaka kusema mambo ya Warumi, nikajizuia. Nikasema nilichoelewa kwa Clovis, polepole, kama mtu anayevuka juu ya gogo.

"Mutu mubaya aliandika maneno. Akayaficha ndani ya maneno mengine mazuri. Mashini ikayasoma."

"Haikuona ni mabaya?"

"Haiwezi kuona. Inaamini tu. Kisha inayarudia, inampa mwenzake. Mwenzake anaamini, anampa mwingine."

"Bila kuuliza nani alisema?"

"Bila kuuliza."

Mama Marguerite alifikiri. Mvua ilikuwa inapiga bati.

"Ile si ugonjwa, na si sumu," akasema. "Ile ni fitina."

"Ndiyo," nikasema. "Ni fitina ya mashini."

Wanawake wawili walirudia neno kwa sauti ya chini, kama wanaonja chumvi. Fitina. Mmoja akaanza kusema kitu, "Basi na sisi..." akaishia hapo, kwa sababu Mama Junior alikuwa ameinuka. Alisimama katikati ya mikeka, kitenge kimefungwa vibaya, akaangalia nyuso zetu moja moja. Kisha akatoka nje kwenye mvua, bila viatu. Nilinyanyuka kumfuata. Mama Marguerite akanishika nguo.

"Muache."

Jumapili, 26 Novemba

Mwezi mzima nimetafuta neno ambalo watu wataelewa. Limepatikana, wameelewa, na lilimwangukia Mama Junior. Ningeweza kukaa kimya. Au ningeweza kusema mwezi wa kumi, kama ningekuwa na akili ya Mama Marguerite. Nashindwa kujua ni lipi baya zaidi, na hakuna kamusi ya kuniambia.

Alhamisi, 30 Novemba

Wamekuja! Benchi halikutosha. Wengine wamewafunika watoto kichwa kwa mifuko ya mchele kwa sababu ya mvua. Clovis alikuwepo pia, ameitibu mashine nyumbani kwa Bruno na kuirudisha imepona. Mwanamke mmoja akamwuliza, "Kijana, fitina imetoka yote?" Clovis akanitazama hajui acheke au ajibu. Nikamwambia ajibu. Akasema imetoka.

Padri Nathanaël ametuma mtu kuuliza kama maelezo yake yalisaidia. Nimemwandikia kumshukuru kwa kuja.

Mama Junior hakuja. Pazia lake limefungwa.

Jumatatu, 4 Desemba

Asubuhi nimekuta sahani ya sombe juu ya jiwe la ua, imefunikwa. Nimeila peke yangu. Nimeosha sahani, nimeirudisha kwenye jiwe na chumvi kidogo ndani.

Alhamisi, 7 Desemba

Jua limetoka kidogo leo. Nilikuwa nimekwisha kufika katikati ya mstari nilipoinua macho nikamwona. Mama Junior, mbele yangu, na Joël kwenye mkono. Joël ametimiza miezi tisa wiki hii. Sikujua niseme pole au karibu. Nikavuta dawa, nikaelekeza sindano juu kutoa hewa.

"Mathilde."

"Ndiyo, mama."

"Ndani ya hii sindano iko nini?"

Wanawake wa benchi wakasogea kusikia. Ningeweza kusema dawa. Ningeweza kusema chanjo, na asingeuliza zaidi. Nikafikiria yote niliyoyajenga tangu matangani, na jinsi neno moja linavyoweza kuyaangusha leo hii mbele ya watu hawa wote. Na nikafikiria kwamba huyu mwanamke amelipia neno hili kuliko mtu yeyote hapa, na ana haki ya kuambiwa.

"Iko virusi," nikasema. "Virusi vya surua yenyewe. Wamevichosha mpaka havina nguvu ya kuua. Mwili wa Joël utaviona, utavijua sura. Siku surua ya kweli inakuja, haitamkuta mugeni."

Nyuma yake mwanamke mmoja alimrudisha mtoto wake kifuani.

Mama Junior aliiangalia sindano. Aliiangalia muda mrefu, kama mtu anayesoma barua ya mbali.

"Ni jina lile lile?" akauliza.

"Lile lile."

"Na unaniambia."

"Nakuambia."

Alikaa kwenye kiti. Alimvua Joël shati upande wa kushoto, akamshika mkono juu ya kiwiko, na kichwa chake akakilaza kifuani kwake.

"Piga basi."

Nikapiga. Joël akalia mpaka watu waliokuwa wanapita barabarani na baiskeli wakageuka kuangalia. Mama yake hakumnyamazisha. Alikaa pale pale, amefumba macho, anamsikiliza mtoto akilia kwa pumzi zake zote, na mimi na wanawake wa benchi tulingoja mpaka alipomaliza.